Kwenda kumwona mjusi Utah: jinsi ya kupanga safari ya Dinosaur National Monument

Mi ni mtu wa Lindi, na mtu wa Lindi akisikia neno dinosaria cha kwanza kumjia kichwani ni mjusi wa Tendaguru, yule aliyechukuliwa na Wajerumani enzi za mkoloni, kila baada ya muda anazungumzwa bungeni arudishwe au asirudishwe. Nimekua nasikia habari zake bila kuona hata mfupa mmoja. Mfupa wa kwanza wa dinosaria kuushika kwa mkono wangu nimeushikia huku Marekani, mpakani mwa Utah na Colorado, kwenye hifadhi inayoitwa Dinosaur National Monument, na toka siku hiyo nimeshapeleka watu pale mara nne, wageni kutoka nyumbani, majirani zetu Wakongo wa hapa Salt Lake City na watoto wao, na kila nikirudi kuna mtu ananiuliza mlifanyaje, mlilala wapi, ni mbali? Basi leo naandika yote.

Kabla ya yote elewa hii hifadhi ina pande mbili, na watu wengi hukosea hapohapo. Mifupa iko upande wa Utah tu, karibu na kijiji cha Jensen. Upande wa Colorado, karibu na mji mdogo unaoitwa Dinosaur (ndio, mji unaitwa hivyo, zamani ulikuwa Artesia wakaubadilisha jina mwaka 1966), huko hakuna mifupa ya kuona, kuna makorongo na mito na mandhari ya kukufanya ukae kimya. Kuna watu wanaweka "Dinosaur" kwenye simu, ramani inawapeleka Colorado, wanafika na watoto wanauliza mjusi yuko wapi, wanaambiwa rudini magharibi mwendo wa zaidi ya nusu saa. Kwahiyo kwenye simu andika Quarry Visitor Center, Jensen, Utah. Na kama unaweza panga siku mbili, moja ya mifupa na moja ya makorongo. Siku moja inatosha kuona mifupa, ila utakuwa umeona nusu tu ya mahali penyewe, na kwa maoni yangu hiyo nusu nyingine ndo itakayokurudisha.

Kutoka Salt Lake City unashika barabara ya US-40, unapita Heber City, unapandisha milimani pale Strawberry, unashuka Duchesne, Roosevelt, mpaka Vernal, ni kama maili 170 hivi, saa tatu bila kusimama sana. Wa Denver nao wanakuja na US-40 hiyohiyo kutoka mashariki ila kwao ni zaidi ya saa tano. Vernal ndo mji wa kulala na kununua vitu, utaujua kwa lile sanamu kubwa la dinosaria la rangi ya pinki pembeni ya barabara, watoto watapiga kelele mpaka usimame wapige picha, simama tu. Jaza mafuta hapohapo Vernal hata kama tanki lina nusu. Ndani ya hifadhi hakuna sheli, hakuna mgahawa, hakuna hoteli, netiweki inakuja na kupotea na sehemu nyingi haipo kabisa, kwahiyo pakua ramani kwenye simu ukiwa bado mjini na mwambie mtu aliyebaki nyumbani unaelekea upande gani. Sisi huwa tunabeba chapati zilizopikwa usiku wake, mayai ya kuchemsha, matunda, chai kwenye chupa, na maji, maji, maji, lita nne kwa kila mtu kwa siku moja, usiseme ni mengi maana hii ni nchi kavu na unakauka bila hata kuona jasho.

Kiingilio ni dola 25 kwa gari zima na kinatumika siku 7 pande zote mbili, risiti usiitupe. Kama una mtoto yuko darasa la nne hapa Marekani kuna programu inaitwa Every Kid Outdoors, mtoto anachukua pasi yake kwenye tovuti, mnaichapisha kwenye karatasi na gari zima linaingia bure, wazazi wengi wa kwetu hawaijui hii na mwaka wa darasa la nne unapita hivihivi. Na mkifika pale mapokezi omba kitabu cha Junior Ranger, watoto wanajaza majibu wanapotembea halafu renja, yani askari wa hifadhi, anawaapisha na kuwapa beji. Binti yangu ile beji aliivaa shuleni wiki nzima.

Kuhusu majira, mi nakushauri mwishoni mwa Septemba mpaka mwanzoni mwa Oktoba, au Mei. Julai joto linapita nyuzi 38 na njia nyingi hazina kivuli hata cha kuficha kichwa. Mara yangu ya kwanza nilikwenda Julai, nikaanza kutembea saa sita mchana na mtoto wa miaka sita, nusu ya njia akaanza kulalamika kichwa kinauma, uso umemwiva, ikabidi nimbebe mgongoni nikimmwagia maji shingoni mpaka tukafika kwenye jengo, siku ile niliogopa sana na ndo maana nakusisitizia. Ukienda majira ya joto, kazi ya kutembea imalizike kabla ya saa nne asubuhi. Baridi nako kuna lake, theluji inafunga barabara ya juu upande wa Colorado mpaka karibu na Aprili, ila mifupa unaweza kuiona mwaka mzima isipokuwa sikukuu chache kama Krismasi na Mwaka Mpya, angalia tu saa za kufungua kwenye tovuti yao maana zinabadilika kwa msimu.

Sasa mifupa. Unaegesha gari mapokezi, majira ya joto kuna basi dogo la bure linakupandisha mlimani mpaka kwenye jengo, na majira ambayo basi halipo unapanda na gari lako kwa utaratibu wanaokupa renja. Jengo ukiliona kwa nje ni vioo na chuma, la kawaida tu. Ukiingia ndani ukuta mmoja mzima ni mlima wenyewe. Yani hawakuleta mifupa kwenye jengo, walijenga jengo juu ya mifupa. Ni mwamba wa mchanga umelala kwa mshazari, rangi ya kijivu inayoelekea hudhurungi, na ndani yake kuna mifupa kama 1,500 imejaa, ya rangi ya kahawia iliyokolea, mapaja, mbavu, pingili za mgongo, imelaliana kama kuni zilizoletwa na mafuriko. Na ndivyo ilivyokuwa kweli. Miaka kama milioni 149 iliyopita hapa palikuwa na mto, ukame ukaua wanyama wengi karibu na maji, halafu mto ukajaa ukaisomba mizoga na mifupa ukaibwaga sehemu moja kwenye mchanga, mchanga ukafunika, madini yakaingia polepole mpaka mfupa ukawa jiwe, baadaye sana milima ikainuka na kuupindua ule mchanga ukasimama kama ulivyo leo. Mto wenyewe haupo tena, ila ukiangalia mifupa mirefu utaona mingi imelala kuelekea upande mmoja, ni kwa sababu ya mkondo wa maji. Huo ni mkondo wa siku chache tu, miaka milioni 149 iliyopita, na bado unauona unakoelekea.

Usianzie chini. Panda kwanza ghorofa ya juu, uone ukuta wote, tafuta fuvu la Camarasaurus lililobaki kwenye mwamba na meno yake kama vijiko, ukishalipata hilo macho yanazoea na mengine yanajitokeza yenyewe. Halafu ndo ushuke chini, maana chini kuna sehemu unaruhusiwa kugusa, wameandika ipi, na huo si mfano wa plasta, ni mfupa wenyewe. Weka kiganja chote, usiguse kwa ncha ya kidole kama unaogopa moto. Ni baridi. Una vitundu vidogo, una mikwaruzo, ukipitisha mkono unasikia pale ulipoishia mfupa na ulipoanza mwamba, mfupa ni laini zaidi. Mi nilisimama pale muda mrefu mpaka mzee mmoja nyuma yangu akakohoa.

Na hapa naomba wasomaji wa nyumbani mnisikilize kidogo. Aliyeipata mifupa hii ni Earl Douglass, mtaalamu aliyetumwa na jumba la makumbusho la tajiri Andrew Carnegie kule Pittsburgh, akaona pingili nane za mkia wa Apatosaurus zimechomoza juu ya mwamba, tarehe 17 Agosti 1909. Mwaka 1909 huohuo, miezi michache kabla, Wajerumani wakiongozwa na Werner Janensch na Edwin Hennig walikuwa wameanza kuchimba Tendaguru, kaskazini magharibi mwa Lindi, miaka miwili tu baada ya vita vya Maji Maji kuisha, na waliochimba kwa mikono ni watu wetu, mamia yao, wakiwa na msimamizi wao Boheti bin Amrani, na wapagazi ndo waliobeba mizigo kichwani na mabegani mwendo wa siku kadhaa mpaka bandarini Lindi. Tani zaidi ya 200 zikaenda Berlin. Huku Utah nako Carnegie alisafirisha nyingi sana, zaidi ya tani 300, lakini mwaka 1915 Rais Woodrow Wilson akatangaza eneo kuwa hifadhi, na Douglass mwenyewe akapendekeza sehemu ya mwamba iachwe na mifupa yake humohumo ili watu waje waione ilipolala. Wakamsikiliza. Ndo huo ukuta.

Kwahiyo ukiwa mbele ya ule ukuta, ukiona bango la Stegosaurus jua ana ndugu yake wa Tendaguru anaitwa Kentrosaurus, ukisikia renja anataja Dryosaurus, mwenzake wa kwetu ni Dysalotosaurus, na yule mrefu wa Berlin mwenye mita 13.27, Giraffatitan, kwa miaka mingi aliitwa Brachiosaurus kwa sababu alifanana sana na aliyechimbwa Colorado mwaka 1900. Umri wao unakaribiana pia. Nilimwambia renja mmoja kwamba natoka Lindi, akaniuliza "Lindi, Tendaguru?" akaniita pembeni tukaongea robo saa, mwishoni akaniomba nimtamkie Tendaguru vizuri, na Boheti. Nawe jitambulishe, hawa watu wanaijua Tendaguru kuliko wengi wetu tulivyofundishwa shule.

Kurudi mapokezi usipande basi, shuka kwa miguu kwa njia inayoitwa Fossil Discovery Trail, ni kama kilomita 2 na ukiteremka ni rahisi kuliko kupanda (mi ile Julai nilipanda, ndo kosa lenyewe). Njiani kuna mabango, kuna sehemu mwamba mweusi unaovunjika kama biskuti, ukichungulia kwa karibu utaona vidoti vinang'aa, hayo ni magamba ya samaki, maana kuna wakati huku palikuwa bahari. Mbele kidogo kuna mifupa ya dinosaria kwenye mwamba hivihivi nje, hakuna kioo wala kamba. Usiokote kitu. Hata kipande kidogo kama ukucha, ni kosa la kisheria, na zaidi ya sheria ni kwamba kipande kikishatoka pale hakuna mtaalamu anayeweza kukisoma tena, waeleze watoto mapema na mifuko yao ikaguliwe kwa upole kabla ya kuingia kwenye gari.

Mchana joto likikolea ingia kwenye gari ufuate Cub Creek Road, ni maili kama kumi na kitu, mwanzo lami mwisho vumbi lakini gari dogo linapita pakiwa pakavu. Huku ndo nawapenda zaidi wale mijusi wengine. Watu wa kale wanaoitwa Fremont, waliokaa hapa miaka kama 1,000 iliyopita, walichonga picha kwenye miamba, na kwenye ukuta mmoja juu ya barabara kuna mijusi mikubwa imechongwa inapanda mwamba, mikia mirefu, vidole vimetanuka. Itazame, piga picha, lakini hii usiiguse kabisa, mafuta ya mkono yanaharibu mchongo, yani kule kwenye mfupa umeruhusiwa na huku hapana, watoto wangu walichanganyikiwa ikabidi niwaeleze mara mbili.

Mwisho wa barabara kuna kibanda cha magogo cha mama mmoja, Josie Bassett Morris. Alihamia hapa akiwa na miaka kama 40, akaishi karibu miaka 50, sehemu kubwa peke yake, bila umeme wala maji ya bomba, akilima na kufuga, na mifugo aliifungia kwenye korongo mbili zilizo nyuma ya nyumba, Box Canyon na Hog Canyon, pande tatu ni kuta za mwamba, yeye anaziba mlango tu. Kuna chemchemi, kuna miti mikubwa, kivuli kizito, ndo mahali pa kutandika mkeka na kula chapati zenu. Hizo korongo mbili ni matembezi mafupi na yana kivuli kuliko mengine yote upande huu, hata bibi yetu aliyekuja kutoka Mtwara alitembea Box Canyon na fimbo yake taratibu akafika mwisho, akasema huyu mama alikuwa na akili.

Kulala, ama urudi Vernal hotelini au upige hema Green River Campground, chini ya miti kando ya mto. Mi nachagua hema, kwa sababu ya usiku. Hifadhi imetambuliwa kimataifa toka 2019 kwa giza lake safi, na ukizima tochi ukasubiri dakika kama ishirini macho yazoee, anga linashuka. Mwishoni mwa Septemba ukikaa mpaka saa nne tano usiku utaona Kilimia kinachomoza mashariki, kilekile wazee wanachohesabia majira ya kulima. Beba sweta nzito, jangwa usiku ni baridi hata kama mchana uliungua.

Siku ya pili nenda Colorado. Unarudi US-40, unapita mji wa Dinosaur ambao mitaa yake ina majina ya dinosaria, kama maili 2 mbele ndo kuna mapokezi ya upande huo na hapo inaanza Harpers Corner Road, maili 32 za lami zinazopanda mpaka juu kabisa. Nenda mpaka mwisho, watu wanasimama kituo cha pili cha kutazama wanageuza, wanakosa penyewe. Mwisho kuna njia ya miguu, maili tatu kwenda na kurudi, si ngumu ila kuna sehemu pembeni ni genge, watoto wadogo washikwe mkono. Ukifika ncha unaona mto Green na mto Yampa zinakutana chini, mbali sana, na jabali la Steamboat Rock limesimama katikati kama meli iliyokwama, mto unalizunguka. Upepo ni mkali, kofia ishike.

Lile bonde la chini linaitwa Echo Park, jina alilipa mvumbuzi John Wesley Powell aliyepita na mashua mwaka 1869, na ukiita kweli mwamba unakujibu. Miaka ya 1950 serikali ilitaka kujenga bwawa hapo na bonde lote lingezama, watu wakapinga nchi nzima, mwaka 1956 mpango ukapitishwa bila bwawa hilo. Kushuka kuna barabara ya udongo maili 13, hapa nakuomba usibishane na mawingu: mvua ikinyesha ule udongo unakuwa kama sabuni na hata gari la kuvuta magurudumu manne linateleza. Muulize renja asubuhi hiyohiyo. Mi mara mbili nimeambiwa hapana nikageuza, mara ya tatu nikashuka na pikapu ya rafiki, tukala chini ya Steamboat Rock, tukaingia kwenye ufa wa mwamba unaoitwa Whispering Cave ambao unatoa hewa baridi kama friji iliyofunguliwa. Gari dogo la chini usilipeleke.

Kama mnataka mto wenyewe, kampuni za utalii zinapeleka watu kwa boti za mpira siku moja kupita Split Mountain, maji yanarusha kidogo na hata wasiojua kuogelea wanavalishwa jaketi la kuelea. Safari ndefu za siku nne kwa kibali chako mwenyewe ni bahati nasibu, unaomba miezi kabla.

Siku ya kurudi, kama mmebakiwa na saa moja, ingieni makumbusho ya Utah Field House pale Vernal katikati ya mji. Halafu muondoke mapema. Jioni paa wanavuka US-40 makundi kwa makundi pale juu Strawberry, ukiona mmoja amevuka punguza mwendo, nyuma yake wapo wengine.